Nimekutwa na mabadiliko kwenye mlango wa kizazi, mume hajui, na bibi hataki binti achanjwe

Shikamoo shangazi,

Naandika kutoka kijiji kimoja wilayani Tandahimba. Naomba jina langu lisitoke, huku tunajuana wote.

Nina miaka 39, nashona nguo sokoni. Niliolewa mara ya kwanza nikiwa na miaka 20, ndoa ikavunjika, nikabaki na mwanangu wa kiume. Na mume niliye naye sasa tunaingia mwaka wa saba. Nilimkuta amefiwa na mke, ana binti mdogo. Huyo binti sasa ana miaka 13, yuko darasa la saba, mimi ndiye ninayemlea na ananiita mama.

Marehemu mama yake alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Alianza kutoka damu, akatibiwa kwa mitishamba karibu mwaka mzima, ndipo akapelekwa hospitali kubwa Dar es Salaam. Mume wangu aliuza nusu ya shamba la mikorosho kwa ajili ya matibabu, nauli na malazi. Akarudi na maiti. Tangu hapo saratani ikitajwa mbele yake husema, "Ule ugonjwa hauna dawa. Unamaliza mali kwanza, halafu unamchukua mtu."

Mwezi wa tatu walikuja wauguzi kwenye zahanati yetu kupima wanawake. Nilikwenda kumsindikiza jirani, sikuwa na dalili yoyote. Wakanipaka siki, wakasema wanaona weupe, nina mabadiliko, haijawa saratani lakini nitibiwe mapema. Virusi vya Ukimwi walinipima pia, sina. Nikapewa karatasi ya rufaa. Nilipofika hospitali nikaambiwa gesi ya mashine imeisha, nirudi siku nyingine. Na muuguzi mmoja akasema mbele ya watu kwamba ugonjwa huu tunaletewa na wanaume wasiotulia. Niliona aibu, nikaondoka. Sasa ni mwezi wa nane na sijarudi.

Lile neno halinitoki. Je, mume wangu ndiye aliyemwambukiza marehemu, na sasa mimi? Au ni mimi niliyekuja nao kutoka ndoa ya kwanza? Nikimwambia ataona yaleyale yamerudi. Watu watasema ana mkosi, wanawake wanamfia. Halafu nikitibiwa natakiwa nisikutane naye kimwili kwa wiki kadhaa, nitampa sababu gani? Ni mpole, hajawahi kunipiga wala kunitukana, ila akiumia hunyamaza siku nyingi.

Mdogo wangu aliyeko Dar ananitumia kwenye simu habari za sindano mpya za ng'ambo zinazoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Anasema hiki cha kugandisha ni cha kizamani, nisubiri. Hata hela sina mpaka minada ya korosho ianze. Amekuja mtu wa kangomba, wale walanguzi wa korosho, anataka kununua korosho zangu zikiwa bado juu ya mti, na ninafikiria kukubali.

La mwisho ni binti. Siku walipochanja shuleni kwao alikuwa kwa bibi yake mzaa mama. Bibi alimchukua makusudi. Anasema mwanawe alifia mikononi mwa madaktari, mjukuu wake hachomwi sindano ya kumfunga kizazi, tena kabla hata hajachezwa unyago. Mjomba wa mtoto yuko upande wake, na wewe unajua huku kusini neno la mjomba lilivyo zito. Unyago umepangwa likizo ya Desemba. Mimi ni mama wa kambo tu. Nifanyeje?

Mama wa Kambo, Tandahimba

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umebeba mzigo huu miezi yote hiyo huku ukishona nguo za watu na kuwapikia wa nyumbani, bila wa kumwambia. Nashukuru umeandika.

Nikikuelewa vizuri, mambo ni matatu: tatizo la mwilini mwako ambalo bado halijatibiwa, siri unayomfichia mume kwa kumhurumia, na mtoto uliyemlea ambaye ndugu wa mama yake hawaoni kama una haki ya kumwamulia. Lakini nikisoma barua yako naona yote matatu yanapita kwa marehemu. Mume anakumbuka kifo chake, bibi anakumbuka kifo chake, na wewe mwenyewe umeanza kujiona unaifuata njia yake. Kabla hatujaenda mbali nataka tutenganishe hali yako na yake, kwa sababu hamkupata kitu kimoja.

Saratani hii huletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na aliyeugundua uhusiano huo, Mjerumani Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina za kirusi hiki ni nyingi, lakini mbili tu, namba 16 na 18, husababisha karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Karibu kila mtu aliyewahi kukutana kimwili na mwenzake hukipata wakati fulani. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe bila mtu kujua. Kwa baadhi ya wanawake hukaa, kikabadilisha chembe za mlango wa kizazi polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kama miaka 15 hadi 20. Kinga ikiwa dhaifu hufupika hadi miaka 5 hadi 10, ndiyo maana walikupima na virusi vya Ukimwi.

Marehemu alifika hospitali damu ikiwa imeshatoka karibu mwaka mzima. Wewe ulipimwa huna dalili hata moja, siki ikaonyesha chembe zilizobadilika ambazo jicho peke yake lisingeziona. Hiyo ndiyo hatua ambayo kipimo kile kimewekwa kuikamata. Mume wako ameuona ugonjwa huu mwishoni tu. Mwanzo wake hajawahi kuuona.

Sasa lile neno la muuguzi. Limeniuma, kwa sababu limekutoa hospitalini kwa aibu, na aibu imekula miezi mitano. Tena hesabu ya miaka niliyokupa hailiungi mkono. Kirusi kinaweza kukaa kimya kwa mtu miaka mingi. Chako kinaweza kuwa kiliingia ukiwa na miaka 20. Kinaweza pia kuwa kimetoka kwa mume wako, naye akawa alikipata kabla hajamjua hata marehemu. Sitakuficha kwamba hilo linawezekana. Lakini hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema nani alimpa nani na lini, na watu wawili waliotulia ndani ya ndoa yao wanaweza kukutwa nacho. Ukimshitaki yeye au ukijishitaki mwenyewe, utakuwa unahukumu bila ushahidi. Na huo mkosi unaousikia kichwani, je, kuna aliyeusema kweli, au ni wewe unayewasemea watu?

Nije kwenye matibabu. Ile mashine iliyokosa gesi ni ya tiba mgandisho: gesi hupozesha kichuma kinachogusa mlango wa kizazi na kugandisha sehemu iliyobadilika. Ipo tiba nyingine ya joto, kifaa kidogo cha mkononi kinachotumia umeme au betri, hakihitaji gesi kabisa, na kazi yake ni ya dakika chache. Ukirudi, uliza kwa jina: "Tiba ya joto mnayo? Kama hapa haipo, ipo wapi?" Kwa upande wenu kuna Ligula mjini Mtwara, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, kuna Ndanda. Tafuta njia ya kuulizia kabla hujapanda gari, hata kwa kumwomba muuguzi wa zahanati akupigie simu, usije ukalipa nauli na kurudi mikono mitupu tena. Watakuangalia upya kwanza, maana muda umepita. Sehemu iliyobadilika ikiwa kubwa au imeingia ndani ya njia ya kizazi, huenda wakashauri kuikata kwa waya wenye umeme, na hiyo hufanywa hospitali yenye daktari aliyefunzwa. Kote huko kizazi chako kinabaki. Baada ya tiba utatokwa na majimaji kwa muda, na ule muda wa kutokutana kimwili kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6 ili pale papone. Ukiona homa, damu nyingi au harufu mbaya, rudi siku hiyohiyo. Na baada ya mwaka utapimwa tena.

Mdogo wako hakudanganyi kuhusu sindano mpya. Ipo dawa iitwayo pembrolizumab inayoamsha kinga ya mwili, na Januari 2024 Marekani iliidhinisha itumike pamoja na mionzi na kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa jirani na kizazi. Ni habari njema kwa wagonjwa hao, ingawa bei yake ni kubwa mno. Utafiti ulionigusa mimi zaidi ni mwingine uliochapishwa mwaka huohuo, wa wanawake 500 katika nchi tano, Uingereza, India na Brazili zikiwemo. Walichukua dawa mbili za kemo zilizozoeleka siku nyingi, karboplatini na paklitakseli, wakazitoa kwa wiki 6 kabla ya kuanza mionzi. Baada ya miaka mitano asilimia 80 ya waliopewa walikuwa hai, na kwa wale waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida ilikuwa 72. Dawa ni zilezile, kilichobadilika ni mpangilio wake. Natamani mume wako asikie hili, kwa sababu linaonyesha kwamba hata saratani yenyewe haiko tena pale alipoiacha.

Lakini hizo zote ni tiba za mtu mwenye saratani. Wewe huna saratani. Kuzisubiri ni kusubiri kwanza uwe mgonjwa ndipo utibiwe. Katika mengi ya barua hii sitakuamulia, ila kwenye hili la kurudi hospitali siwezi kujifanya sina upande: natamani urudi, na urudi mapema. Mabadiliko mengine hupotea yenyewe, ni kweli, lakini hakuna anayeweza kukutazama akakuambia yako ni yale ya kupotea.

Kuhusu hela, nakuomba usimpe jibu yule mtu wa kangomba kabla hujajua unahitaji kiasi gani. Umekadiria gharama kwa kutazama nusu ya shamba lililouzwa, na ile ilikuwa gharama ya saratani iliyokomaa, kukaa Dar na kuuguza. Ya kwako inaweza kuwa nauli na chakula cha siku moja. Uliza kwanza kituo chenu cha serikali wanachotoza ni nini, kama kipo. Korosho ukiziuza leo kwa kangomba utapata senti, na mnadani Oktoba utawatazama wenzako.

Mume. Hapa wewe ndiye unayemjua, mimi nakisia tu. Unaamini ukimwambia atavunjika. Huenda. Lakini je, yule anayesema "hauna dawa" anazungumza kwa kujua, au ni uchungu wa mtu aliyefika amechelewa? Mwanaume wa namna hiyo anaweza kunyamaza wiki nzima, na anaweza vilevile kuwa ndiye atakayekuwa wa kwanza kukuamsha alfajiri muwahi gari. Ukimwambia kabla ya tiba, unapata mwenzako wa safari na zile wiki za kujizuia zinakuwa zenu wote wawili. Hatari yake ni kwamba anaweza kukata tamaa mapema na kukuvunja moyo wewe. Hapo ungehitaji uwe umeshaamua ndani yako kwamba utakwenda hata akisema hapana.

Ukitibiwa kwanza halafu ukamwambia, unampa habari yenye mwisho wake: nilikutwa na hiki, kimeshatolewa. Wapo wanawake ambao njia hii imewafaa. Ugumu uko kwenye zile wiki. Mwanaume anayekataliwa bila sababu hujitafutia sababu mwenyewe, na anayoipata kwa kawaida ni mwanaume mwingine. Na akishaambiwa, atauliza kwa nini watu wa zahanati walijua kabla yake. Njia ya katikati ni kumwambia kweli ndogo: "Nimepimwa, wamenikuta na mabadiliko ya kizazi, yanatibika, nimeambiwa tupumzike wiki kadhaa." Hakuna uongo ndani yake. Neno saratani linaweza kusubiri siku aliyotulia. Kama kuna muuguzi unayemwamini, si yule wa siku ile, unaweza kumwomba azungumze nanyi pamoja. Wanaume wengi hulipokea jambo vizuri zaidi wakielezwa na mtaalamu kuliko wakielezwa na mke aliyejaa hofu. Jambo moja tu: umesema ni mpole na nimekuamini. Ikiwa kuna hofu ya kipigo ambayo hukuiandika, basi usalama wako kwanza, na maongezi yafanyike mbele ya mtu mwingine.

Sasa binti, ambaye ndiye amenikaa moyoni kuliko yote. Nimesikia sauti ya bibi, ya mjomba, ya baba kidogo, na yako. Yake sijaisikia. Ana miaka 13. Mama yake alikufa kwa ugonjwa huu. Aliwahi kuelezwa kilichomuua mama? Mtoto asipoelezwa hujaza mwenyewe, na wengine hukua wakidhani kuna kitu kibaya kwenye damu yao kinachowasubiri. Anaweza kufarijika kujua kwamba saratani hii inatokana na kirusi, si urithi wa kukaa ukiungoja, na kwamba kirusi hicho kina kinga. Kuketi naye jioni moja mkazungumza hakuhitaji ruhusa ya mjomba.

Chanjo yenyewe haina kirusi kizima, ina maganda yake tu yaliyotengenezwa ili mwili ujifunze kukitambua. Haigusi kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hiyo dozi moja haikuletwa kwa kubahatisha. Sehemu ya ushahidi imetoka hapahapa nchini, Mwanza, ambako wasichana 930 walifuatiliwa, wengine kwa dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, na karibu wote wa dozi moja walionekana kuwa na kinga dhidi ya zile namba 16 na 18. Kule Scotland, miongoni mwa wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, watafiti hawakukuta hata mmoja aliyepata saratani vamizi, yaani iliyokwisha kupenya ndani, ya mlango wa kizazi.

Ila sidhani kama bibi anasubiri takwimu. Alizika mtoto. Anachojua ni kwamba alimkabidhi mwanawe kwa hospitali akarudishiwa maiti, na sasa wanakuja kumtaka mjukuu. Nakusihi usimtupie ule mwaka wa mitishamba, hata mkibishana. Huenda anautupia mwenyewe moyoni kila usiku. Ukienda kwake, nenda kama mtu mliyefiwa pamoja, maana wewe ndiye unayemlea mtoto wa marehemu na yeye analijua hilo. Naamini naye ni mkulima wa korosho, kama wengi wa huko. Anajua salfa hupulizwa kabla ukungu wa ubwiriunga haujakamata maua, na ukishakamata huna cha kuokoa. Chanjo hii hufanya kazi namna hiyohiyo: humfaa zaidi msichana ambaye bado hajakutana na kirusi. Na unyago unamtangaza mtoto kuwa amekua. Kwa hiyo huenda hakuna ugomvi kati ya chanjo na ngoma. Vyote viwili ni kumwandaa. Je, bibi angekataa kama angeombwa yeye mwenyewe ampeleke mjukuu zahanati kabla ya Desemba, badala ya kuarifiwa baadaye? Simjui. Pengine kungwi atakayemcheza mwali anaweza kukusaidia kufikisha neno, bibi atamsikiliza kuliko wewe.

Ipo njia nyingine, ya baba yake kuamua na wewe kumpeleka kimyakimya. Baba ana haki hiyo, na mtoto atakuwa amekingwa. Lakini lipime: siri ikitoka, mjomba anaweza kumchukua mtoto, na ile "mama" anayokuita ikaingia kwenye mvutano wa watu wazima. Kusubiri nako kuna hatari yake, kwa sababu mpango wa chanjo una kikomo cha umri. Na ona, njia zote hizi zinapita kwa mume wako. Huwezi kumwomba asimame na binti dhidi ya ugonjwa huu huku ukiuficha wako mwenyewe kwake. Sisemi hivi kukubana. Ninaona tu kwamba maongezi uliyokuwa unayaogopa kama mawili yanaweza kuwa moja.

Angalia binti anatimiza lini miaka 15, na imebaki miezi mingapi kabla ya siku hiyo. Kama kadi yake ya kliniki iko kwa bibi, unayo sababu nzuri ya kwenda kumsalimia wiki hii.